Vyombo vya Watu

Kitabu cha kwanza kurudi kwenye maktaba ya Mikumi kilirudi na mayai.

Kilikuwa kijitabu chembamba cha ufugaji wa kuku, na aliyekirudisha ni Bi Siwema, mjane wa nyuma ya stesheni, ambaye alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima mwaka ule ule na bado alikuwa anasoma kwa kufuata mstari na kidole. Alikuja na kikapu cha ukindu, kitabu kimelazwa juu ya majani makavu, mayai yamekizunguka. Akakiweka mezani kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama," alisema Gabrieli Nyirongo, mkutubi.

"Marahaba, baba. Kitabu chenu hicho, nimekimaliza."

"Na haya mayai?"

"Ya kwenu."

Gabrieli akamgeuzia sikio la kulia, maana la kushoto lilikuwa pambo tu. Alidhani hakusikia vizuri. "Mama, maktaba ni ya serikali. Hapa hatulipishi mtu."

"Nani kasema nalipa?" Bi Siwema alishika kiuno. "Mimi nirudishe kitu cha watu kikavu kikavu, nipite njiani watu wananitazama? Sikulelewa hivyo. Haya, nipe kingine. Na kikapu changu utaniletea."

Akachagua kitabu cha bustani za mboga, akaondoka. Gabrieli alibaki anayatazama yale mayai kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Nyumbani mkewe, Letisia, alicheka mpaka akakaa chini. Letisia alizaliwa milimani, juu ya Kilosa, binti wa katekista wa Anglikana, na mambo hayo aliyaona tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Ukiazima ungo kwa jirani, huurudishi mtupu. Unaweka chochote, hata kunde za kiganja kimoja.

"Kwa Bi Siwema kitabu na ungo ni kitu kimoja," alisema. "Pokea, Baba Ida. Amekuheshimu."

"Mimi ni mfanyakazi wa serikali, Mama Ida."

"Basi serikali imeheshimiwa."

Akayakaanga. Na kikapu akakirudisha mwenyewe kesho yake, na ndani yake akaweka ndimu za mti wao. Gabrieli hakuona ndimu zile, wala hakuuliza.

Hakuuliza kwa sababu mambo ya nyungo na vikapu hakuwahi kuyafundishwa. Utoto wake wote uliishia kwenye mabweni ya wamisionari kwao Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, nje ya nchi yetu, na alipopata ndevu akapelekwa Ulaya kusomea uhandisi. Ulaya ile ya Wazungu, si kijiji chetu cha Ulaya kilichopo njia ya Kilosa, ingawa wako waliomwelewa hivyo na wakashangaa kwamba huko nako kumbe kuna chuo. Alikuja huku miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, reli ilipokuwa inatolewa Kilosa kuja Mikumi, na yeye akapewa madaraja.

Enzi zile, jamani! Kofia yake ikionekana kwa mbali, watu wanaacha soga na kushika sururu. Walimwita Bwana Daraja. Vijana wa kijiji cha Zombo walibeba reli mabegani huku wanaimba, mwimbishaji akimtaja kila mtu kwa kasoro zake, na zamu ya Bwana Daraja ikifika wanaimba juu ya Kiswahili chake, jinsi alivyowahi kusema "leteni madaraka" akitaka mataruma ya kulazia reli. Chai ilichemshwa kwenye madebe ya rangi, ina ladha ya chuma, na hakuna chai aliyokunywa baadaye ikaifikia ile. Na Letisia alikutana naye kwenye kambi ya Kilosa, alikokuwa anawafundisha watoto wa wafanyakazi. Siku treni ya kwanza ilipopita juu ya daraja lake, Gabrieli alisimama chini yake, ndivyo ilivyokuwa desturi ya mhandisi anayejiamini, na alilia pale chini ambako hakuna aliyemwona.

Kisha baruti ikalipuka kabla ya wakati wake, karibu naye. Ikalitoa sikio la kushoto na kulijeruhi la kulia, na daktari akaandika kwamba mtu asiyesikia kipyenga cha baruti asisimame tena kwenye eneo la kazi. Walimpa kazi ya mezani. Meza nayo ikaja kupewa mwenyeji, mwenye nchi yake. Mwisho mtu mmoja mwenye huruma akamwambia kuna mafunzo ya ukutubi Dar es Salaam, na Gabrieli, mwenye mvi tayari, akaenda kukaa dawati moja na vijana ambao ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinawaza kuota.

Alirudi Mikumi kufungua maktaba ya watu wa kisomo, na jengo alilopewa lilikuwa ghala la simenti alilolijenga yeye mwenyewe siku za reli. Alifunga rafu kwa mikono yake. Namba walizomfundisha chuoni alizibandika ndogo ndogo pembeni ili mkaguzi asije akaguna, lakini kwa wasomaji wake aliziita rafu kwa majina ya stesheni. Kilimo kilikaa Kimamba, kwenye mashamba. Afya ilikaa Kilosa, kwenye hospitali. Magazeti yalikaa Dar es Salaam. Mzee asiyejua kusoma namba alikuwa akiingia na kusema, "Nishushe Kimamba," na wote wanacheka, na anashushwa.

Jambo moja tu halikumpa raha. Mabasi ya Mbeya yalipita Mikumi kila siku, na kutoka Mbeya kwenda kwao haikuwa safari ya kumtisha mtu. Mama yake alikuwa hai. Wapita njia walimletea salamu: mama anauliza, utakuja lini? Naye alijibu kwamba kazi ni nyingi. Aliondoka kwao akisindikizwa kama mhandisi, kijiji kizima barabarani. Sasa aende kusema nini?

*

Ule mwaka mvua zilikatika mapema. Mahindi yalikauka yakiwa magotini, na duka la ushirika likaanza kugawa ule unga wa njano uliotoka nje, yanga, ambao kila mtu aliutukana na kila mtu aliupangia foleni.

Ajabu ni kwamba vitabu viliendelea kurudi, na havikurudi vikavu. Huyu ana boga dogo. Yule ana mbegu za maboga, au mlenda, au kunde ndani ya kifuu. Vilikuwa vitu vya kutia huruma, lakini kila mmoja alijitahidi, na Letisia kila mara alivirudisha vyombo na kitu ndani. Halafu mama yake Letisia akaugua, ikabidi apande milimani kumuuguza, na Gabrieli akabaki peke yake na maktaba, na binti yao Ida akiwa shuleni Kilosa.

Ndipo alipokuja Kondo, katibu wa tawi la chama. Kondo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na ofisi ndogo, na vyote viwili vilimsumbua. Aliingia maktaba akanusa hewa.

"Ndugu Nyirongo, habari za kazi?"

"Nzuri, Ndugu Katibu. Kile kitabu chako cha kuendesha mikutano umekimaliza?"

"Hicho tuache kwanza." Kondo aliangalia vibakuli na vikapu vilivyopangwa chini ya dirisha. "Watu wanapanga foleni ya yanga toka alfajiri, wewe hapa una maboga. Wanasema bila kunde hutoi kitabu."

"Wananiletea wenyewe! Nimewakatalia tangu mwanzo."

"Sema polepole, mimi sio kiziwi." Gabrieli aliona haya, alikuwa hajui kama anapaza sauti. Kondo akaendelea, "Ndugu, siku hizi mambo ya kula jasho la wananchi si mchezo. Na wewe karatasi zako za uraia bado ziko wilayani. Mwenyeji akikosea anaitwa kwenye kikao. Mgeni akikosea anaitiwa gari. Nimeshaandika Kilosa, mkaguzi atakuja mwisho wa mwezi. Akikuta mambo haya, maktaba inafungwa, na nyumba unaikabidhi."

Mgeni! Miaka yote ile, madaraja yote yale, na bado.

Alifanya alivyofundishwa kufanya mhandisi anapoona ufa: aliziba pale pale. Aliandika kwa herufi kubwa, akabandika mlangoni: NI MARUFUKU KULETA KITU CHOCHOTE PAMOJA NA KITABU. Kisha akaviosha vyombo vyote kwa majivu mpaka vikang'aa, akavipakia kwenye baiskeli, akapita navyo nyumba kwa nyumba mchana kweupe ili kila mtu aone. "Chombo chako, mama. Kitupu kabisa. Tazama." Alivigeuza juu chini kuwaonyesha. Wanawake walivipokea kwa mkono mmoja. Bi Siwema, ambaye kikapu chake kilikuwa kimekuja tena na mlenda, alikitazama kwa muda, akaingia ndani na kufunga mlango, na Gabrieli akarudi nyumbani ameridhika na nafsi yake.

*

Tangu siku ile hakuna kitabu kilichorudi.

Mwanzoni alidhani ni njaa, watu wanahangaika. Wiki ikapita, na nyingine. Rafu ya Kimamba ilikaa tupu, ya Kilosa ikabaki na vijitabu vya malaria vilivyolaliana. Alikaa kwenye ghala lake la simenti akisikia, kwa lile sikio lililobaki, treni ya mizigo ikipita, na kwa nyayo akilitambua daraja lake inapolifikia. Alipokutana na wasomaji njiani waliinama kufunga viatu ambavyo hawakuvaa. Mkaguzi alikuwa anakuja, na vitabu vya serikali havipo. Kwanza aliitwa mla rushwa, sasa ataitwa mwizi.

Letisia aliporudi toka milimani alikwenda bombani kuchota maji, akarudi ndoo imejaa nusu.

"Baba Ida, umefanya nini hapa? Watu wamenisalimia kwa ncha ya ulimi."

Gabrieli akamweleza yote, hata lile la majivu, kwa kujivuna kidogo. Letisia alimsikiliza, ndoo ikiwa bado mkononi. Mwisho akaitua ndoo.

"Uliwarudishia vyombo vitupu."

"Vitupu, ndiyo! Ili wasiseme..."

"Ukavigeuza na juu chini."

"Ndiyo."

"Ee Mungu wangu." Letisia alijifunika uso kwa upande wa khanga, asijue acheke au alie. "Mume wangu, ukigombana na mtu mpaka hutaki tena kumwona mlangoni kwako, ndivyo unavyofanya. Mimi kila nikivirudisha natia kitu ndani, hata ndimu. Chombo kitupu ni kusema mimi na wewe basi. Umezunguka Mikumi nzima ukiwaambia watu basi, nyumba kwa nyumba, na baiskeli ya serikali!"

Gabrieli akakaa kwenye kizingiti.

"Sasa mimi ningezionaje hizo ndimu zako humo vikapuni? Hukuniambia."

"Nikwambie? Nani anaambiwa kitu kama hicho? Na kwenu hakuna?"

Hakujua. Kwao alipajua kama mtoto wa likizo anavyopajua. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na alisema hivyo, na Letisia akaacha kucheka.

"Na hata wale ambao wangekusamehe hawawezi kuja," alisema kwa upole. "Umewakataza kuja na kitu. Waje na nini sasa, mikono mitupu? Wengine hicho kitu chenyewe hawana."

Wakatoa mfuko wao wa yanga, ule wa mgao, wakauweka katikati. Haukuwa mwingi. Letisia alipima kwa macho, akasema kiganja kimoja kwa kila nyumba, na sisi tutakunywa uji. Gabrieli akautazama ule unga wa njano ambao alikuwa ameutukana kama watu wote, na safari hii hakuutukana.

*

Alianzia kwa Bi Siwema, kwa miguu, baiskeli ameiacha. Alibisha hodi, akamwamkia, akaomba kikapu chake.

"Cha nini tena? Si ulikirudisha?"

"Nilikirudisha vibaya, mama. Nipe nikirudishe upya."

Bi Siwema alikileta polepole. Gabrieli akatia kiganja chake cha unga, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mjane aliangalia ndani ya kikapu, kisha akamwangalia yeye, mashavu yake yalivyoingia.

"Huu ni wenu wa mgao."

"Ndiyo."

"Haya, karibu kigoda."

Aliingia ndani, akatoka na kitabu cha mboga, alichokuwa amekiazima upya, kimefungwa kwa kitambaa safi. "Sikukiiba, baba. Kila asubuhi nakitazama. Nilikuwa na hasira na wewe, kweli, lakini hasira iliisha siku nyingi. Kilichobaki ni kwamba sina cha kuwekea. Kuku nimewachinja."

"Ungekuja hivyo hivyo, mama. Ningekupokea."

"Wewe ungeweza?" aliuliza Bi Siwema, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. "Kwenda kwa watu waliokuamini, mikono inaning'inia?"

Gabrieli alikipokea kitabu. Alimwona mama yake amesimama barabarani Karonga, anapunga mkono. Alikuwa anajua toka zamani kwa nini kitabu hakirudi. Alikuwa anajua kuliko mtu yeyote Mikumi. Machozi yakamtoka mbele ya mwanamke wa watu, akaacha yatoke.

"Mama yako yu hai?" Bi Siwema aliuliza.

"Yu hai."

"Umemwona lini?"

"Reli ilikuwa haijafika hapa."

Bi Siwema alishika kifua. Kisha alimsindikiza mpaka nyumba ya pili, na huko yeye ndiye aliyebisha hodi.

*

Mkaguzi aliitwa Beda, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akaja na Landrova kutoka Kilosa. Kondo alimpokea na kumwingiza maktaba. Rafu zilikuwa zimejaa nusu. Gabrieli alikuwa ameliondoa tangazo mlangoni kwa mkono wake, akijua anachokifanya, na sasa alisimama kando ya rafu ya Kimamba akisubiri.

Kabla Beda hajakaa, wakaanza kuingia. Bi Siwema mbele, wengine nyuma yake, kila mmoja na kitabu, na juu ya kila kitabu au chini yake kitu fulani. Havikuwa vitu vya kumshibisha mtu. Mwingine alileta majani ya mlonge. Mwingine kijiti cha kuni, kimoja, kimekatwa vizuri.

"Ndicho nilichokuandikia, Ndugu Mkaguzi," alisema Kondo. "Anawatoza."

"Anamtoza nani?" Bi Siwema alimgeukia. "Huyu? Huyu ametuletea unga wa mgao wake nyumba kwa nyumba. Ndugu Mkaguzi, mtazame suruali yake ilivyokazwa kwa kamba, halafu uniambie nani kala jasho la nani."

Watu walicheka, na Gabrieli, aliyesikia nusu tu, alishika mkanda wake, wakacheka zaidi. Beda hakucheka. Aliokota kile kijiti cha kuni, akakigeuza geuza.

"Nyirongo, unasemaje?"

"Nasema kweli, ndugu. Nilikataza, vitabu havikurudi. Nimeruhusu, vimerudi. Kama ni kosa, kosa ni langu, wao wasiguswe."

"Mimi mtu wa Magole," alisema Beda, "na kwetu nako chombo hakirudi kitupu." Akakaa, akatoa kalamu. "Ripoti lazima iandikwe. Nitaandika hivi: chochote kinachokuja na kitabu kiingie kwenye chungu cha darasa la kisomo, wasomaji wapikiwe. Mkutubi asipeleke nyumbani hata kunde. Na vitabu vimeonekana." Akaweka kijiti juu ya meza. "Namba mmeziweka wapi? Hii Kimamba ni kitu gani?"

Gabrieli akamwonyesha zile namba ndogo pembeni, na mkaguzi akaguna, lakini aliguna tu.

Landrova ilipoondoka, Kondo alibaki mlangoni. Alitoka, akarudi baadaye na kitabu chake cha kuendesha mikutano. Alikiweka mezani, akakohoa, akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichosokotwa. Kilikuwa na chumvi, na chumvi siku zile ilikuwa haionekani.

"Ya kwenye chungu," alisema Kondo, akiangalia pembeni.

"Ahsante, Ndugu Katibu."

"Kondo," alisema. "Niite Kondo."

*

Mvua ziliporudi, na vitabu vyote vikiwa vimeingia isipokuwa vile vilivyoliwa na mchwa, Gabrieli alipanda basi la Mbeya. Bi Siwema alimwazima kikapu chake cha ukindu. Ndani yake mlikuwa na mbegu za maboga, na chumvi nyingine kidogo aliyoitoa Kondo, na mayai ya kuku wapya, yamefungwa na Letisia mmoja mmoja kwenye majani ya mgomba. Kondakta alitazama mzigo wake akauliza, "Mzee, ni huu tu?" Akasema ni huu tu.

Mama yake alikuwa amekuwa mdogo, amejikunja, lakini alimjua kwa hatua kabla hajamwona. Hakuuliza habari za madaraja. Alipoambiwa kwamba mwanawe sasa anatunza vitabu na kuwaazima watu, aliuliza kitu kimoja tu, kama wanavirudisha, na aliposikia ndiyo, alitikisa kichwa akaridhika, akaenda kumwonyesha jirani yale mayai.

Siku ya kuondoka Gabrieli alikitafuta kikapu asikione. Alimkuta mama yake amekaa nacho jikoni, amekijaza usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, wanaonukia nyumba nzima.

"Mama, huu mzigo wote wa nini?"

Mama yake alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyesoma sana.

"Kikapu hiki si cha watu?" alisema. "Au ulitaka nikirudishe kitupu, wakuone huko kwenu kwamba hukulelewa?"